Mwana wa Bi. Somoe Alivyopita Fuga

Dada yangu Mwajuma,

Hujambo, na mama hajambo? Huku Fuga joto ni kali na mbung'o wananitafuna, lakini reli nimeiona. Jana jioni nilisimama pale barabara ya vumbi inapokatiza reli, nikiipiga picha alama ya kuonya magari, mambo yangu yale ya kukusanya picha za alama mnayoyacheka. Akaja mama mmoja wa kijiji cha Mloka, Bi. Somoe. Mwanawe alikuwa ndani ya treni iliyokuwa njiani kuja, anakwenda Zambia kutafuta maisha, na treni yenyewe haisimami hapa.

"Mwanangu, macho yangu hayaoni mbali," akaniambia. "Nichukulie sura yake kwenye simu yako. Atakuwa dirishani."

"Usiwe na wasiwasi, mama," nikamjibu.

Treni ikaja ikipiga honi. Mazoea yakanitawala, dada. Nikawasha video, nikaielekeza simu kwenye ile alama ili niipate pamoja na kichwa cha treni. Nilipokumbuka kugeukia madirisha, behewa la mwisho lilikuwa linapita.

Tukaitazama video pamoja. Alama imetoka vizuri. Kijana hayumo. Ila katikati ya ngurumo ya magurudumu inasikika sauti: "Mama! Mama, nakwenda!"

Bi. Somoe akaiweka simu sikioni, akaniomba nirudie. Nikarudia mpaka chaji ikaisha. Nimejuta sana.

Mungu awape afya na riziki ya kutosha. Mwambie mama nikifika huko Nyamisati nitamketisha uani nimpige picha.

Nduguyo akupendaye,
Shabani