Disketi za Baba Mkubwa

Bagbazar, Chandannagar,
14 Julai 2013.

Mpendwa Dada Sharmistha,

Nakugusa miguu kwa heshima, japo kwa mbali. U hali gani huko Toronto? Shemeji na watoto hawajambo? Sisi tu wazima, ila mama yako anasumbuliwa na magoti tangu mvua zianze, na samaki ameacha kabisa. Ujane anaushika kama wajane wa zamani, waliokatazwa samaki.

Barua yako niliipata. Uliniuliza kama baba yako, Baba mkubwa wangu, aliwahi kukutaja tangu ulipoolewa bila ridhaa yake. Kwa mdomo, Dada, hapana, miaka yote kumi na tisa. Lakini kila mwaka ilikuwepo siku moja ya kujifungia na ile kompyuta yake kuukuu. Alipofariki tulikuta disketi zake kabatini, karibu zote zimeliwa na ukungu. Nzima ilikuwa moja. Nikaahidi kukunakilia iliyomo, maana kazi yangu si ndiyo hiyo, ufundi wa kompyuta?

Hapo ndipo nilipokukosea. Siku ya kwanza kompyuta iliisoma, polepole, ikikoroma. Nikaona orodha ya mafaili, nikaiandika kwenye daftari. Badala ya kunakili pale pale, nikajitia ufundi. Nikafungua mashine, nikasafisha kichwa cha kusomea na kuandikia kwa pamba na spiriti, nikakiona kimekaa upande, nikakaza skrubu kikanyooka. Sikufikiri kwamba Baba mkubwa aliandika miaka yote kwa kichwa kilichopinda, na kwamba hichohicho kilichopinda ndicho pekee kingeweza kumsoma. Disketi ikagoma. Wiki mbili nilijaribu kukirudisha kilipokuwa, unywele huku, unywele kule, mpaka utando wa disketi ukakwanguka.

Mama yako alisimama mlangoni: "Hivi wewe ni fundi wa nini? Kitu kinasoma, wewe unakitengeneza mpaka kinakuwa kiziwi!" Kisha akakaa kitandani akalia. Nami nililia, sikufichi.

Kilichobaki ni orodha ya daftarini. Mafaili ni kumi na tisa, na yote yana jina moja, Tuku, jina lako la utotoni, na mwaka wake. Kila moja limehifadhiwa tarehe 11 Januari, siku yako ya kuzaliwa. La kwanza ni dogo sana, halizidi mistari miwili. La mwaka huu, wiki sita kabla hajafa, ndilo refu kuliko yote.

Alikuandikia nini, sijui, na kwa sababu yangu hatutajua kamwe. Nisamehe ukiweza.

Wasalimie Shemeji Anirban na wanao, Mithun na Rai. Shangazi Bina anakusalimu sana. Mungu akulinde huko ugenini.

Mama yako hakuwahi kukuita jina lile. Lilikuwa la baba yako peke yake. Jana alinishika mkono nilipokuwa nikiandika, akasema, "Mwambie Tuku aje nyumbani."

Mdogo wako akupendaye, hata ukinikasirikia,
Nirupam