Magadi Niliyoyakwangua Kando ya Mgodi

Mpendwa mshauri,

Nisamehe kwa kuchelewa, tangu theluji iyeyuke naanza barua hii naichana kwa aibu, lakini sasa naomba unisaidie kwa sababu mwanangu Temuulen, wa miezi kumi, hataki kula, analia akiguswa tumbo, na alikuwa ameshaanza kukaa, sasa anaanguka. Chanzo ni mimi. Tunakolambisha mifugo magadi ni mbali, nami nambeba mtoto ndani ya joho, basi nilipoona ukoko mweupe kwenye bwawa lililokauka la mgodi wa madini ya risasi uliofungwa, nikasema magadi ni magadi, kondoo na mbuzi wakalamba, nami nikakwangua gunia zima la kutia kwenye chai ya maziwa, maana kwetu chai hutiwa magadi. Mama mkwe wangu, ambaye hajawahi kunisifu, alionja akasema, "Leo ndiyo umepika chai, mkwe! Nilidhani nitakufa nikinywa maji uliyooshea sufuria." Nilifurahi jamani, nikamgawia ukoko na jirani yetu Dolgor, mjamzito. Sasa mbuzi wanasaga meno na kujigonga kwenye zizi kama vipofu, kondoo saba wamekufa, nikimwambia mume wangu ni ule ukoko anacheka, "Tangu lini umekuwa daktari wa mifugo?" Na kila asubuhi bado nautia kwenye chai, naogopa kukiri. Nitumie tafadhali jina la kipimo cha mtoto, mahali pa kukipata, na maneno ya kumwambia mama mkwe.

Solongo

Solongo mwanangu,

Pole. Kukosea ukoko ni kosa la mtu aliyechoka, lakini kuendelea kuutia kwenye chai huku unashuku? Hapana, hilo sikuachii. Risasi haiondoki kwa kuchemshwa. Mwaga chai sasa hivi.

Mpeleke Temuulen hospitali ya mkoa, useme, "Mpimeni risasi kwenye damu." Wakikuambia ni meno yanaota, usinyanyuke kitini. Nawe upimwe, na usimwachishe ziwa mpaka daktari aseme. Beba ukoko kidogo kwenye chupa iliyofungwa vizuri. Mumeo, badala ya kucheka, ahamishe mifugo mbali na bwawa na amwite daktari wa mifugo. Kabla hajapima, hakuna kunywa maziwa yao wala kula nyama, na ini na figo ndiyo kabisa. Mizoga mbwa wasiifikie.

Kwa Dolgor nenda mwenyewe, kabla hajabandika birika.

Mama mkwe mwambie hivi, usipunguze neno: "Mama, ile chai uliyoisifu huenda ndiyo inayomuumiza mtoto. Yale magadi niliyakwangua mimi, kwenye bwawa la mgodi. Mvalishe, twende hospitali."

Atakutukana. Mwache akutukane mkiwa njiani.