Umeshinda, Fadhili: Haikuwa Gundi

Fadhili, rafiki yangu,

Huku Mbeya mvua imeanza, na chumba chetu cha kukatia vito bado kinavuja upande wako. Nimeweka ndoo.

Nakuandikia kwa sababu ya lile jiwe lako, jekundu kwa kijani, ulilolileta kutoka Chunya ukilikumbatia kama mtoto mchanga. Mimi nikasema umepigwa, hizo punje nyekundu ni vito vya ganeti vimebandikwa kwa gundi kwenye jiwe la kijani. Wewe ukang'aka: "Yamekua pamoja! Wewe Mnyakyusa, huko chini ya ardhi kuna duka la gundi?" Tulibishana hadi wateja wakawa wanatuuliza kama tumezaliwa tumbo moja.

Tulipokwisha kukuzika, mkeo Mama Neema alinikabidhi jiwe lako. "Lichukue, shemeji. Mke mwenza gani huyu wa jiwe, hata kupika hajui." Nikalipakata kwenye basi kutoka Iringa, nikalia mpaka Nyololo.

Nilipofika nyumbani nikajiambia, gundi haivumilii maji ya moto. Nikalitia kwenye sufuria, nikaliacha jikoni, nikaenda kununua mkaa. Kumbe mke wangu amerudi kutoka kwaya. Amefunua, mvuke umemjaa usoni, ameona donge jekundu. Nimemkuta amekwisha kutia chumvi na vitunguu, analichoma kwa uma.

"Baba Ipyana, hii nyama umenunua kwa nani? Huyu ng'ombe alikufa kwa uzee!"

Nilicheka, Fadhili, mara ya kwanza tangu uondoke. Yeye hakucheka. Sufuria ilikuwa mpya.

Jiwe halikuachia hata punje. Kesho yake nikalipasua kwa msumeno wetu. Ndani, ndugu yangu! Chembe nyekundu zimezama katikati kabisa ya ule ukijani, mahali ambapo mkono wa tapeli usingefika. Na ndani ya nyekundu nazo, nyuzi za kijani zimejipenyeza. Moto na mgandamizo wa ardhini vilizikuza kwa pamoja, kila moja ikigombea nafasi yake, mpaka kingo zikashikana bila ufa.

Nikapiga kelele, "Umeshinda, Fadhili!" Fundi cherehani wa jirani akaja mbio na mkasi wake, akadhani nimevamiwa. Nami nimegeuka upande wako nikuone unavyojisifu. Ndoo tu.

Nikasugua vipande viwili mpaka vikang'aa, kimoja nikampelekea Mama Neema Kilolo. Nilipofika kwenye habari ya nyama, alicheka akashika mwimo wa mlango, akalia, akacheka tena. Akasema, "Angekuwepo, angetutangazia mpaka kanisani." Ni kweli. Ungeomba na kipaza sauti.

Neema wako sasa anakaa kwetu huku Mbeya, anajifunza kazi. Juzi tumeletewa jiwe jingine, jeupe lenye sindano nyeusi ndani. Nikamwambia ni kioo cha chupa. Akaniangalia vilevile ulivyokuwa ukiniangalia, akasema, "Baba mdogo, hiyo ni kwazi, na hizo sindano ni madini mengine yaliyofungiwa humo. Wewe macho unayo ya nini?"

Nikatoka nje kidogo, nikajifanya naangalia mvua.

Lala salama, ndugu yangu. Nakuahidi nitamfundisha msumeno na kusugua, vyote nivijuavyo. Kubisha amezaliwa nako.

Ni mimi,
Baba Ipyana