Sala ya Papa kwenye Drapu Nyeupe

Yaya Furaha, mukubwa wangu,

Habari ya Kisangani na watoto? Miye niko Bunia, huku Saio, vumbi nyekundu imeshanitambua. Jana mangaribi tulionyesha filme ya Papa, baba yetu, mu kiwanja ya Shangazi. Tulifunga drapu yake nyeupe ya kitanda kwa miti mbili ya kalitusi, upepo ikawa inaivuta polepole, na Papa akawa sawa vile anapumua tena.

Weye unajua sikuwa na kamera. Nilimukamata picha na telefone tu, kule Bogoro, mwaka mbele ya kufa kwake, Papa iko mezani anakula bugali na sombe, majani ya muhogo. Wakati alianza kuomba, niligeuza telefone kwa dirisha, nikakamata milima mpaka giza ikaimeza. Ni ile picha nilipenda kupita zote.

Basi, kwa drapu Papa akasema, "Tuombe." Kiwanja nzima ikainamisha kichwa. Wamama wakafunga macho, wazee wakatoa kofia. Hakuna hata mumoja mwenye aliona milima yangu. Nilitaka kukasirika, kumbe na miye nilikuwa nimefunga macho.

Tukabaki na sauti yake tu, karibu sana. Akafika pale alikuwa anafikaka kila siku: "Na Furaha, mwenye iko mbali, Mungu umurudishe muzima."

Watu wote wakajibu, "Amina."

Ubaki na amani, yaya. Leo Shangazi alikuwekea sahani mezani.

Mudogo wako,
Baraka