Mkeka wa Mwali na Gundi ya Muhogo

Manundu, Korogwe

Kwa mama yangu mpenzi, Mazingara.

Shikamoo mama. Nakuamkia huku nimepiga magoti kwenye sakafu, karatasi iko juu ya kinu kilichopinduliwa, maana meza ya nyumba hii sitaki tena kuigusa. Hujambo? Kile kifua kimepoa? Na macho, mama, yanaonaje siku hizi? Sisi huku wazima. Mume wangu Rajabu mzima, anakwenda stesheni kila siku kupakia marobota ya mkonge. Mjukuu wako Mwajuma tumbo lilimchafuka lakini sasa anakula, nitakueleza lilichafuka kwa nini. Mvua za vuli zinatunyeshea bila huruma na nguo hazikauki.

Kaka Athumani, wewe unayemsomea mama, shikamoo nawe. Utaona mwandiko huu si wa Rajabu. Ni wangu mwenyewe. Herufi nimefundishwa kwenye klabu ya kina mama hapa Korogwe, na hilo ndilo jambo moja jema nililolipata kule, mengine yote yananitia kichefuchefu. Rajabu hajui nilichoandika humu. Nakuomba umsomee mama kila mstari, hata pale utakapoona haya. Ukitaka kucheka, maliza kwanza.

Mama, Chambuso dereva wa lori alipita juzi akitokea Mkata, akaniambia umeshaanza kuchambua ukindu, unataka kusuka mkeka mwingine wa kumkalisha mdogo wangu Hadija siku atakapotolewa ndani. Anasema unakaa uani juani, unapapasa, na kila jani unalisogeza mpaka puani ndipo ulione. Mama, chakula kilinishinda siku ile. Ulipoagiza nikuletee mkeka ule niliokalishwa mimi nilipokuwa mwali, nilikujibu kwa mdomo wa Chambuso huyo huyo kwamba panya wameutafuna. Ukanirudishia maneno ya kunipoza: "Mwambieni mwanangu asilie, panya hawana adabu." Sasa weka huo ukindu chini, usikilize habari ya panya.

Mwaka huu Maulidi na Krismasi zimefuatana, hazikuachana hata wiki. Mkuu wa klabu yetu ni mke wa Bwana Shauri, yule mzungu wa boma. Huyo bibi akatangaza mashindano: atapita nyumba kwa nyumba kutazama ni mwanamke gani amepamba vizuri kuliko wenziwe, Mwislamu na Mkristo sawasawa, na atatoa zawadi. Mimi nikacheka moyoni. Nikasema, kupamba nyumba kwa ajili ya sikukuu, hilo nalo la kufundishwa Mzigua? Kwetu yakikaribia Maulidi si tunakwenda mtoni kuchimba udongo mweupe na mwekundu? Wewe unapaka, sisi tunafuata nyuma yako kwa vidole kuchora mistari, na nyumba nzima inanukia ardhi mpya. Nikamwambia Rajabu aniletee udongo.

Lakini humu ndani niko na wifi yangu Mwanaisha, dada yake Rajabu, aliyeteremka kutoka milimani Usambaa akiwa na sanduku la nyuzi. Huyu klabu imemlevya. Kazi yake ni kufuma vitambaa vyeupe vyenye matundu. Kafuma cha meza, cha kiti, cha mtungi, cha birika, cha sanduku, mpaka taa ya kandili kaivika, tukaona moshi. Aliposikia udongo akashika kiuno mbele ya wanawake wa uani kwetu.

"Wifi, usitutie aibu," alisema. "Wazigua nyie mnajua udongo tu. Bibi anakuja kutazama mapambo, siyo kichuguu."

Wakacheka, mama. Walicheka sana, na mimi nikacheka nao ili wasijue.

Basi udongo ukatupwa. Mwanaisha akaenda kuomba magazeti ya Kizungu ya zamani, akanunua na karatasi za rangi dukani kwa Kasamali, akasema kuta zote tutabandika picha. Gundi? Akapika uji wa unga wa muhogo, sufuria zima, mzito wa kusimamisha mwiko. Tukapaka uji ukutani, mama. Chakula, ukutani! Tukabandika wanawake wa Kizungu wenye kofia, na farasi, na mtu mmoja anayejipaka sabuni ya ndevu, huyo akawekwa juu ya kitanda changu. Siku mbili nyumba iling'aa kweli, sisemi uongo.

Siku ya tatu mvua ikaingia kwenye kuta. Uji ukachacha. Nyumba ikaanza kunuka kama mdomo wa mlevi asubuhi. Farasi wakaota ukungu wa kijani. Nikigusa karatasi naona inatikisika, nikiifunua mende wametulia nyuma yake, wanene, hawana hata haraka ya kukimbia, maana wako karamuni. Mwajuma naye kila nikigeuka anaramba ukuta. Ndiyo sababu ya tumbo lile. Halafu panya. Mama, panya walikuja kweli, hilo sikudanganya. Walikula wanawake wote wenye kofia kuanzia miguuni, wakaacha mavi yao kwenye vile vitambaa vyeupe vya wifi, naye akavikung'uta tu na kuvitandika tena! Nilitapika nje ya mlango. Wazee wamesema, ukimwiga tembo kunya utapasuka msamba. Sisi tulipasuka.

Lakini wifi hakukata tamaa, akabandika karatasi mpya juu ya zilizooza. Zikabaki siku mbili bibi aje. Siku ile Mwanaisha alikuwa amekwenda gulioni. Nilikaa nikatazama nyumba: kila kitu chake, hakuna hata kimoja cha mkono wangu. Mimi kufuma sijui, vidole vyangu vizito, nyuzi zinafungana. Na klabuni tulikuwa tumeonyeshwa vitambaa vya mviringo vya kuwekea sahani mezani ili meza isiungue. Nikafungua sanduku langu. Nikautoa mkeka.

Kaka Athumani, usiruke hapa.

Panya hawakuugusa mkeka ule, mama. Ulikuwa mzima, umekunjwa, una harufu ya nyumbani. Niliutandika, nikaweka sahani juu yake, nikachora duara kwa mkaa, nikachukua mkasi wa klabu na kuukata. Ukindu ulikuwa mgumu, ulilia kila nilipobana mkasi. Ulipokatika, ukili, ule msuko wake, ukaanza kufumuka, nikaushona kingo kwa uzi mwekundu wa wifi. Nilitoa vipande kumi na viwili, mabaki nikayatia jikoni nikapikia maharage. Unakumbuka ule mstari wa zambarau uliokosewa katikati? Ulikuwa ukiusuka siku bibi yetu mzaa mama alipofariki, mkono ukapotea hesabu, na watu walipokuambia uufumue ukakataa, ukasema acha ukae, siku ile ilikuwa hivyo. Nami nikakata duara hapo hapo. Niliona ndiyo sehemu nzuri.

Najichukia nikiandika haya. Mende namchukia, lakini mende hakulelewa na mtu.

Bibi alikuja na mwavuli. Kwenye kuta alikunja pua, akaziba kwa leso. Vitambaa vya Mwanaisha akavisifu. Alipofika mezani akaokota duara lile la zambarau, akaligeuza huku na huku, uso ukamchangamka.

"Nzuri sana!" akasema. "Wewe nasuka hii?"

Nikatazama chini, nikajibu, "Ndiyo, bibi."

Mwanaisha alikuwa pale pale. Alinitazama tu. Yeye aliujua mkeka, alikuwa ameuona sandukuni kwangu. Lakini hakusema kitu, na mpaka leo hajasema, na kunyamaza kwake kunaniuma kuliko kile kicheko cha uani. Yeye akapata zawadi ya kwanza kwa vitambaa vyake, kikombe chenye picha ya mfalme, kimekaa juu ya kitambaa na hakuna anayekinywea. Mimi nikapata ya pili, pakiti ya sindano. Na bibi akaomba achukue duara lile moja awe nalo nyumbani kwake. Nikasema achukue. Kichwa kilikuwa kimevimba, mama, nilijiona mtu.

Wiki ile ile ndipo Chambuso akaleta maneno yako: Hadija anakaribia kutoka, leta mkeka. Nikasema panya. Rajabu aliposikia akasikitika sana, akatega mitego, akaleta na paka kutoka stesheni. Paka yule anakesha kuwinda wakosaji, na mkosaji mimi ndiye ninayempa maziwa.

Ningekaa hivyo hivyo, nakwambia kweli. Mtu akizoea uongo unakuwa nguo ya nyumbani. Lakini niliposikia unapapasa ukindu juani, nikasema basi. Nilikusanya vipande kumi na kimoja vilivyobaki, nikajua lazima nikakitafute cha kumi na mbili, kile cha zambarau. Nikafunga kanga nikaenda boma.

Nilipita mlango wa jikoni. Mpishi wa bibi ni mzee wa Kibondei, mtu wa heshima. Nikamweleza, kuna kitambaa cha ukindu, bibi alikichukua kwangu, nakiomba. Akakuna kichwa. "Kile cha duara? Kipo barazani. Kilitosha sawasawa."

Kilitosha nini? Nikazunguka barazani. Kulikuwa na mbwa mkubwa wa madoa, anakula. Bakuli lake la bati limewekwa juu ya mkeka wako, mama. Juu ya ule mstari wa msiba wa bibi yetu. Ukindu umelowa mate na mchuzi, nzi wamejaa kingoni kwenye uzi mwekundu, na mbwa alipomaliza bakuli akashuka kuuramba mkeka wenyewe, taratibu, kama anayejua utamu wake. Nilitaka kumtukana bibi, na tusi lilinifika mdomoni, halafu likakwama. Nimtukane kwa lipi? Yeye alipewa kitambaa. Aliyefanya mkeka kuwa kitambaa ni mimi.

Bibi mwenyewe akatoka akaniona nimeshika bakuli la mbwa wake. Nikamwambia: "Bibi, nilikudanganya. Hii kasuka mama yangu. Mimi nilikata tu." Sijui kama alielewa yote. Alitazama mbwa, akatazama mkono wangu, uso ukamwiva, akasema, "Pole. Chukua." Nikachukua.

Nimekiosha mara saba, moja kwa udongo, kama tulivyofundishwa chuo cha Kurani kwa kitu kilichorambwa na mbwa. Rangi ya zambarau imefifia kidogo, lakini pale ulipopotea hesabu panaonekana bado. Kuta nazo nimezibandua zote, nimekwangua uji kwa kisu, nimekuta na viota vya panya vyenye watoto wekundu wasio na manyoya, nimevitoa kwa koleo huku nimefumba macho. Mwanaisha alikuja akasimama mlangoni. Nilidhani atanicheka. Akachukua kisu kingine akaanza kukwangua upande wa pili. Leo asubuhi nimemkuta akikanda udongo mweupe kwenye ndoo, anakanda vibaya, maji mengi.

Mama, mficha uchi hazai. Siombi uniambie tena nisilie. Nakuomba jambo moja: usisuke. Loweka ukindu, uchovye rangi kama ni lazima, lakini vidole vyako vipumzike. Ulikuwa ukiniita nije nijifunze kusuka, nami nikasema ukindu unakata mikono na siku hizi mikeka inauzwa. Nitakuja na lori la Chambuso Jumatatu baada ya barua hii, nitashuka Mkata, nitatembea mpaka nyumbani. Wewe utakaa, utaniambia kwa mdomo, mimi nisuke. Ukindu unikate. Hadija naye mwambieni asinikasirikie kabla sijafika, au basi, akasirike, ana haki. Aongezewe siku ndani mpaka niumalize, asikalishwe juu ya mkeka wa kuazima. Na vile vipande kumi na viwili nitakuja navyo vyote. Nataka uvipapase mwenyewe ujue nilichofanya, sitaki ukisikie kwa masikio tu.

Kaka, kama kuna majirani wamekaa wanasikiliza, usiwatoe. Waache wasikie.

Nisalimie shangazi mfinyanzi, mwambie chungu chake ndicho kitu pekee humu ndani kilichokataa kuvikwa kitambaa. Nisalimie baba mkubwa anayeadhini, na mjomba mfuga nyuki, na yule jirani yetu Mkwavi anayekuletea maziwa asubuhi. Mke wa kaka mpe pole ya ujauzito. Hadija mbusu kichwani kwa niaba yangu kama atakubali.

Mlango wa ghala ufungeni vizuri Jumatatu, maana anakuja kwenu panya mwenye mikono miwili na pakiti ya sindano,

Zaina, mwanao.