Miguu Yangu Kwenye Filamu

Kariakoo, 12 Januari 2025

Shangazi, shikamoo. Habari za Tanga, na ile presha imeshuka? Sisi wazima, mama anakusalimia, biashara ya viatu pale Mchikichini inasogea.

Nina neno, nakuandikia kwa simu badala ya kupiga, na nakuomba mama asilijue. Juzi alikuja dada mmoja, Mgeni, anatafuta viatu vya mtumba vyenye soli laini. Anaongoza filamu ya mapenzi ya kuchekesha: mwanaume anamdanganya binti kwamba yeye fundi wa kucheza salsa, kumbe hata kusimama hajui. Wanarekodi kwenye klabu ya salsa hapa mtaani, juu ya maduka ya vitambaa. Nikapeleka viatu, muziki ukapigwa, mwili ukakataa kutulia. Mgeni akaniona. Sasa mwigizaji wao mkuu, yule anayeigiza binti, kateguka mguu, wananiomba nicheze badala yake. Watachukua miguu tu, shangazi. Sura haitaonekana.

Harusi yangu na Abdulatif ni Mfungo Mosi, Ramadhani ikiisha tu, sijasahau. Ila tangu siku ile sikai mahali pamoja. Hata nikipanga viatu, nacheza.

Mwanao, Badria

Tanga, 15 Januari

Badria mwanangu, marahaba. Presha ipo, tunaishi nayo.

Miguu tu! Na hiyo miguu inacheza peke yake, au kuna mkono wa mwanaume kiunoni? Hukuniandikia hilo, kwa hiyo nimeelewa. Mimi si wa kukufungia ndani. Lakini Abdulatif ni mtoto wa watu, ameleta posa nyumbani na halua yake nimeila. Mwambie wewe, kabla simu ya mtu haijamwambia.

Shangazi yako, Siti

Kariakoo, 4 Februari

Shangazi, shikamoo. Nisamehe kwa kimya, na pole kwa homa, nimesikia kwa mama.

Mambo yamenizidi. Yule mwigizaji kasusa kabisa, sasa wanataka na sura yangu. Ninayecheza naye ni Zakayo, ana mke na mapacha, anahesabu hatua kwa sauti mpaka Mgeni anapiga kelele, "Zakayo, hesabu moyoni!" Simpendi, usiwaze huko. Nakipenda kile kinachonipata nikizunguka.

Nilimwambia Abdulatif. Unajua kazi yake, dalali wa samaki pale Feri, kutwa anapaza sauti. Siku hiyo akaishusha. Akauliza tu, "Naweza kuja kuona?"

Akaja kaoga, kapiga pasi shati, akakaa pembeni kwenye kiti cha plastiki. Zakayo akanikanyaga, tukaanguka wote wawili juu ya meza ya soda. Klabu nzima ikacheka, na mimi nikacheka mpaka machozi. Nilipoinua uso, Abdulatif peke yake hacheki. Kwenye ngazi akaniambia, "Badria, tumejuana mwaka mzima. Sijawahi kukuona ukicheka hivyo." Akashuka.

Tangu hapo hapokei simu yangu. Wateja nawapa viatu vya miguu tofauti. Niambie la kufanya.

Mwanao, Badria

Tanga, 6 Februari

Marahaba, mwanangu. Homa imeondoka.

Abdulatif alinipigia. Aliniuliza, "Shangazi, Badria anachekeshwa na nini?" Nikamwambia akuulize mwenyewe. Akasema, "Naona aibu."

Sasa nakuuliza mimi: unamtaka? Usiniletee habari za filamu wala za mama yako.

Shangazi yako

Kariakoo, 24 Februari

Shangazi, shikamoo. U mzima? Swali lako nimetembea nalo siku zote hizi.

Jana tumerekodi mwisho wa filamu. Mwanaume anakiri uongo wake katikati ya ukumbi, anamposa binti hapo hapo, na binti anasema, "Ndiyo." Mgeni hakuridhika. "Tena, Badria." Nikasema tena, na tena, na kila nilivyorudia ikawa nyepesi zaidi. Watu wakapiga makofi. Lakini mimi, shangazi, ile "ndiyo" niliitambua. Ni ile ile niliyoitoa siku ya posa.

Leo asubuhi nikaenda Feri. Nikamkuta mnadani, kashika changu mkubwa. Aliponiona akampa mwenzake yule samaki.

Nikamwambia, "Abdulatif, wewe huna baya. Nilikubali kwa sababu kila mtu alikuwa ananiangalia."

Akajifuta mikono kwenye aproni, akaendelea kuifuta hata ilipokwisha kukauka. Akasema, "Bora umeniambia hapa mbele ya samaki kuliko mbele ya shehe." Akajaribu kucheka, kicheko hakikutoka. Akarudi mnadani, nikamsikia anataja bei.

Nilidhani nitapumua. Sijapumua. Mama kajua. Chakula ananiwekea, uso anageuza. Nimekuwa mtu gani mimi?

Badria

Tanga, 25 Februari

Badria,

Salamu tutapeana tukionana. Mama yako kanipigia, kalia, nikamwacha alie. Kisha nikamuuliza kama yeye, siku ya posa yake, kuna mtu alimuuliza anataka nini. Akakata simu. Baadaye akapiga tena, akaniuliza nitafika huko saa ngapi.

Abdulatif ataumia, na wewe si wa kumuuguza. Usimpigie. Posa tutairudisha sisi watu wazima, mimi na baba yako mdogo Hamud, kwa heshima zote, na matusi tukipewa tutayapokea sisi.

Filamu ikitoka nikatie tiketi ya kiti cha mbele. Mwenye la kusema aje aniambie mimi.

Usinijibu. Nimeshapanda basi.

Shangazi yako