Fundi Saa Kafupisha Sala

Mshauri mpendwa,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama mimi ndiye mkubwa basi iweke akiba utamwamkia nayo mwingine. Nimekuja kwako kuomba mawazo kwa sababu yangu nimeyatafuta nimeyakosa, na mke wangu ambaye ndiye huwa nayaazima kwake safari hii kaninyima.

Mimi ni fundi viatu, shule niliiacha mapema mwalimu akashukuru, kwa hiyo nukta ukizikosa humu ziweke mwenyewe. Nasali katika kanisa dogo lililo juu ya karakana ya samani, tunapanda kwa ngazi ya nje, tukikaa tunanuka vanishi na tukiinuka makalio yana vumbi la mbao, na nikwambie kweli, tulikuwa watu wazuri lakini tumenuna kama tumemeza misumari ya wale mafundi wa chini, hata wimbo wa furaha tuliuimba kama tuko matangani.

Basi siku moja tumepiga magoti, sala imekwisha, wote wamesimama, mimi magoti yamegoma, nikasema kwa sauti, "Bwana, kushuka nimeshuka mwenyewe, kupanda naomba lifti," kanisa zima likaangua kicheko, na aliyecheka kuliko wote ni mama mmoja fundi cherehani ambaye tangu amzike bintiye hatukuwa tumeyaona meno yake, alicheka mpaka akalia, akalia mpaka akacheka tena. Mchungaji wetu, kijana umri wa mjukuu wangu, akanivuta pembeni. "Babu, kila Jumapili kabla ya matangazo nakupa nafasi, tufanyie kitu." Nikamuuliza, "Kitu gani?" Akasema, "Hicho hicho kilichotokea."

Nikajishonea viatu, kila kimoja kama beseni, soli ya tairi, na cha kushoto nikakitia ndani kile kifilimbi cha mdoli wa mpira, kila nikikanyaga kinalia fiii. Nikaigiza mwanakwaya aliyesahau maneno, nikaigiza mtu anayesinzia kwenye mahubiri huku kichwa kinatikisika kama anakubali. Na hapa sitanii, namshukuru Mungu, maana watu waliokuwa hawasalimiani walianza kukaa benchi moja, utamnuniaje mtu mliyecheka naye mkaegemeana? Hata mimi nilipona kitu, kwa sababu mke wangu ni wa kitandani, miguu imemkataa, na jioni za Jumamosi nilikuwa nafanya mazoezi mbele yake, anacheka anashika mbavu, ananiambia, "We mzee utaniua kabla ugonjwa haujamaliza kazi yake."

Sasa sikia nilipojikwaa. Rafiki yangu ni fundi saa, meza yake na yangu zinagusana chini ya mwavuli mmoja nje ya duka la dawa, na kanisani ndiye anayeombea wenye shida, na huyu bwana anatengeneza saa za mji mzima ila muda mwenyewe haujui. Akifumba macho anaanza na wagonjwa, anaingia kwa wasafiri, wanafunzi wa mitihani, mlinzi na mguu wake, kuku wa jirani walioingiwa na ugonjwa, na desturi yetu ni kwamba akivuta pumzi tu tunapiga "Amina!" kwa nguvu ili aelewe, naye haelewi, anadhani tunamtia moyo. Tukambandika jina Amina-Bado, tunamwita hivyo usoni, anacheka. Basi nikamwigiza. Nikajivika saa ya boksi shingoni, mshale nausukuma kwa kidole, macho nimefumba, nikaombea kuku, nikaombea mayai, nikaombea na mayai ambayo kuku hawajayafikiria, watu "Amina! Amina!", mabenchi yanalia, na fundi saa mwenyewe alicheka, nilimwona akifuta macho.

Jumapili iliyofuata akaitwa kuomba. Akasimama, akasema, "Mungu, asante kwa yote. Amina." Akakaa. Watu wakapiga makofi! Na mimi nilipiga, nikidhani ni utani wake wa kunilipa. Lakini tangu siku hiyo sala yake ni hiyo hiyo, na mezani nikimuuliza anasema, "Sina neno, fundi," huku jicho limo ndani ya saa ya mtu.

Nikirudi nyumbani mke wangu huwa na swali lake, "Leo amenitaja wapi?" Maana fundi saa tangu mke wangu alale hajamruka hata siku moja, ila hana mpangilio, mara amtaje baada ya wasafiri, mara kati ya mlinzi na kuku, na mke wangu anapenda kujua, "Nimepanda au nimeshuka?" Siku ile ya kwanza ya sala fupi nikamdanganya. Nikasema, "Leo amekutaja wa kwanza kabisa."

Akanitazama. "Mwongo. Mimi sijawahi kuwa wa kwanza."

Ikabidi niseme yote. Hakunigombeza, na hilo ndilo baya. Alisema tu, "Hivyo viatu visukume uvunguni, mzee wangu, sitaki kuviona," akageukia ukutani.

Sasa Mchungaji anasema Jumapili hii kuna wageni, nirudie ile ya fundi saa ndiyo iliyopendwa. Nikikataa naona kanisa linarudi kumeza misumari, nikikubali namzika rafiki yangu akiwa hai. Mshauri, yule mtu nitamshukuru kwa lipi? Kuna wakati mimi mumewe nilichoka kumwombea mke wangu, yeye alikuwa bado. Nivichome viatu, au nifanyeje?

Ni mimi fundi viatu, mwenye filimbi mguu wa kushoto.

*MSHAURI ANAJIBU*

Babu, shikamoo. Ile yako nimekurudishia, wewe ndiye mkubwa, ingawa kwa matendo yako ningeweza kubaki nayo.

Nimecheka. Ile ya lifti nimewasomea wenzangu hapa ofisini wakaacha kazi, kwa hiyo usidhani unaandikiwa na mtu asiye na meno. Ila nilipofika kwa mkeo aliyegeukia ukutani, chai niliiweka chini.

Viatu usivichome, vina kosa gani? Vimekalisha mahasimu benchi moja, na kabla ya hapo magoti yako yaliyogoma yalimrudishia mama wa watu meno yake, kazi ambayo mahubiri yaliishindwa. Shukuru, na uendelee kushukuru. Lakini we si mtoto, ona tofauti. Magoti yalikuwa yako. Anayesinzia kwenye mahubiri ni kila mtu. Sala ile ilikuwa ya mtu mmoja, ndicho kitu anachowapa, na wewe ukaivalisha boksi. Unasema alicheka. Angefanyaje mbele ya kanisa zima, anune aonekane mbaya? Halafu alipoikata sala mkampigia makofi! Makofi hayo ndiyo yaliyomziba mdomo kuliko boksi lako. Hakuna mmoja wenu ambaye hajaombewa na yule bwana, na mkashangilia kuachwa ili muwahi chakula. Mchungaji wako naye asome hapa, asijifanye hajaona.

Sasa nenda. Leo hii, chini ya mwavuli huo huo, umgeukie. Usimwambie "nilikuwa natania", hilo analijua. Mpe swali la mkeo jinsi lilivyo: "Leo amenitaja wapi?" Mweleze ulivyodanganya na ulivyokamatwa. Mwambie na lile ulilonimegea mimi, kwamba ulipochoka yeye alikuwa bado. Maneno matamu hivyo unayaletaje gazetini kwa mtu usiyemjua, na mwenyewe mnagusana viwiko kutwa nzima? Kisha mwombe aje nyumbani aombe kando ya kitanda. Na akivuta pumzi, funga mdomo wako. Amina isikutoke mpaka afumbue macho. Ukishikwa na usingizi tikisa kichwa kama unakubali, ujuzi huo unao.

Ile ya boksi imekufa, wageni wasikufanye uifufue. Jumapili igiza mtu anayenyemelea mlango wakati mwenzake anaomba: tumbo linamwita, anaiba hatua, kiatu kinamsema fiii, anasimama anajifanya mtakatifu, hatua nyingine, fiii. Mwoneshe fundi saa kwanza, akisema hapana basi ni hapana. Lakini nadhani atacheka, safari hii kwa raha, kwa sababu huyo mnyemeleaji ni wewe, na kila mtu mle ndani atamtambua mnyemeleaji wake. Kicheko kikitulia vua viatu, kaa benchi la mbele miguu mitupu, na yeye asimame aombe hadi achoke mwenyewe.

Ukirudi nyumbani, mkeo usimpandishe cheo tena. Akiuliza ametajwa wapi, mwambie ukweli, hata kama ni baada ya kuku.